Edwin Drood Runingani: Riwaya Isiyokwisha na Wanaolazimika Kuimaliza

Charles Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870 nyumbani kwake Gad's Hill, karibu na mji wa Rochester kusini-mashariki mwa Uingereza, akiwa ameandika nusu tu ya riwaya yake ya mwisho, The Mystery of Edwin Drood. Siku moja kabla alikuwa ameshinda akiandika. Jioni, akiwa mezani, akapatwa na kiharusi na hakuzinduka tena. Riwaya ilipangwa itoke kwa vijitabu 12, kimoja kila mwezi. Vitatu vilikuwa vimeshawafikia wasomaji, vitatu vingine vikachapwa baada ya mazishi kutokana na mswada uliokutwa, na ilipofika Septemba 1870 hadithi ikakatika. Muuaji hajakamatwa, maiti haijaonekana, na wala hakuna uhakika kwamba kuna aliyeuawa. Tangu wakati huo kila anayetaka kuipeleka riwaya hii jukwaani, kwenye sinema au kwenye runinga hukuta kazi ambayo haimpati mwenzake anayeigiza kitabu kilichokwisha: kabla ya kuigiza inambidi atunge.

Kisa kinatokea Cloisterham, mji mdogo uliojengeka kando ya kanisa kuu, ambao wasomaji wa Dickens wanajua fika kwamba ni Rochester kwa jina la kubuni. John Jasper ni mwalimu wa kwaya wa kanisa hilo, kijana wa miaka 26 anayeheshimika mjini. Kwa siri huenda London kuvuta afyuni katika chumba kichafu cha mwanamke mzee aitwaye Princess Puffer. Jasper ana mpwa, Edwin Drood, yatima asiyepishana naye sana kwa umri, anayejiandaa kwenda Misri kufanya kazi ya uhandisi. Edwin ana mchumba, Rosa Bud, ambaye hakumchagua mwenyewe: baba zao, marafiki wa siku nyingi, waliwaposea wangali watoto kisha wakafa. Jasper anamfundisha Rosa kuimba, na anampenda kwa mapenzi yanayomtisha binti huyo hata akashindwa kumtazama usoni. Halafu wanaingia pacha wawili kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, Neville na Helena Landless. Neville anavutiwa na Rosa, anagombana na Edwin, na Jasper anahakikisha mji mzima umeusikia ugomvi huo.

Mkesha wa Krismasi vijana hao wawili wanakula chakula cha usiku kwa Jasper ili wapatane. Usiku huo inavuma dhoruba kali. Asubuhi Edwin hayupo. Baada ya siku chache kasisi Crisparkle anaziona saa na pini ya Edwin kwenye bwawa la mto, na lawama zote zinamwangukia Neville.

Kuna tukio moja katika sehemu hii ambalo linapaswa kusomwa polepole, kwa kuwa hoja zote za baadaye zinalizunguka. Kabla hajapotea, Edwin alikuwa amekubaliana na Rosa kuvunja uchumba, ila hakumwambia mjomba wake. Mwanasheria Grewgious, mlezi wa Rosa, anakwenda kumpa Jasper habari hiyo. Anasimama mbele ya moto, anaota mikono yake akiifumba na kuifumbua, na anazungumza taratibu bila huruma wala hasira. Kila sentensi inapomtoka, anaona uso wa Jasper ukigeuka rangi. Mwisho unasikika ukelele wa kutisha, na pale kwenye kiti panabaki lundo la nguo zenye matope juu ya sakafu. Grewgious anaendelea kuota moto. Dickens hasemi neno moja kuhusu hatia, lakini msomaji ameshaelewa: ikiwa mtu huyu aliua kwa ajili ya Rosa, aliua bure.

Ushahidi kuhusu mwisho aliokusudia mwandishi ni mwingi kuliko wengi wanavyodhani. John Forster, rafiki yake wa karibu na mwandishi wa wasifu wake, alieleza kwamba Dickens alimwandikia Agosti 1869 kuwa amepata wazo geni na gumu kulitekeleza. Baadaye Forster akaelewa kwamba hadithi ingehusu mjomba anayemuua mpwa wake. Upya wake ungekuwa katika sura za mwisho, ambapo muuaji, akiwa ndani ya selo ya waliohukumiwa kunyongwa, angesimulia maisha yake kana kwamba anasimulia ya mtu mwingine. Maiti ingetambuliwa kwa pete ya dhahabu ambayo chokaa ya moto haikuweza kuiyeyusha. Pete hiyo kweli imo kitabuni: Edwin alikuwa nayo mfukoni usiku ule na Jasper hakujua. Mchoraji Luke Fildes naye alikumbuka kwamba aliagizwa amchore Jasper akiwa amejizungushia shingoni skafu ndefu, inayozunguka mara mbili. Alipouliza sababu, Dickens alisita kisha akamwambia kwamba skafu hiyo ndiyo itakayomnyonga Edwin. Mtoto wa mwandishi, Charles Dickens mdogo, pia alisisitiza kwamba baba yake alimwambia Edwin amekufa.

Kwa mahakama ya kawaida huo ungekuwa ushahidi wa kutosha. Kilichowafanya wasomaji wasiridhike ni mambo mawili. La kwanza ni jalada. Vijitabu vya kila mwezi vilikuwa na jalada lililobuniwa na Charles Collins, mkwe wa Dickens, na chini kabisa ya jalada hilo anaonekana mtu akiingia na taa mahali penye giza, na mwanga unamwangukia kijana aliyesimama wima. Kama kijana huyo ni Edwin, basi yu hai, au ni mzuka, au ni mtu aliyevaa kama Edwin ili kumtisha Jasper. La pili ni Datchery. Nusu mwaka baada ya Edwin kupotea, anaingia mjini mzee mwenye nywele nyeupe na nyusi nyeusi, nywele zinazoonyesha wazi kuwa ni za bandia. Anapanga chumba jirani na Jasper, na anaweka kumbukumbu ya aliyoyagundua kwa kuchora mistari ya chaki ndani ya mlango wa kabati. Sura ya mwisho iliyoandikwa inaisha anapochora mstari mmoja mrefu, kisha anakaa kupata kifungua kinywa. Datchery ni nani? Wametajwa Helena Landless, karani Bazzard wa ofisi ya Grewgious, Grewgious mwenyewe, baharia Tartar, na hata Edwin. Forster hakusema lolote juu ya jambo hili, na hapo ndipo mlango ulipobaki wazi.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1870 hadithi ya upelelezi ilikuwa bado haijapata kanuni. Sherlock Holmes hakuwepo hadi 1887. Riwaya iliyokuwa imewavutia Waingereza zaidi katika aina hiyo ni The Moonstone ya Wilkie Collins, ndugu yake Charles Collins, iliyotoka mwaka 1868. Humo almasi inachukuliwa usiku na mtu aliyenyweshwa afyuni bila kujua, na asubuhi hakumbuki chochote. Dickens alikuwa mhariri wa jarida lililoichapa riwaya hiyo, na hakuna shaka aliitazama kama changamoto. Yeye alilichukua wazo la afyuni na kulipeleka mbali zaidi: ndani ya Jasper wanaishi watu wawili wasiojuana, mmoja wa mchana na kanisa, mwingine wa usiku na moshi. Kwa hiyo fumbo la Drood, kwa jinsi lilivyoandikwa, halikuwa hasa la kumtafuta muuaji. Karibu kila msomaji alikwisha kumshuku mwalimu wa kwaya kabla ya kijitabu cha tatu. Fumbo lilikuwa mtu mwenyewe, yaani jinsi moyo mmoja unavyoweza kuimba zaburi na kukunja skafu kwa wakati uleule.

Msomaji wa Kiswahili aliyekulia kwenye vitabu vya Muhammed Said Abdulla ataiona tofauti hiyo mara moja. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, kinakwenda kwa utaratibu uliokwisha kukomaa: Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum anayeuliza yale ambayo msomaji angeuliza, dalili zinazotawanywa hapa na pale, kisha kikao cha mwisho ambapo kila kitu kinaelezwa. Abdulla aliirithi kanuni hiyo kutoka kwa Conan Doyle na kuitia Uzanzibari. Ukizoea vitabu vya namna hiyo unaisoma Drood ukimngojea Bwana Msa atokee na kuyafumbua yote. Wengi wa waliojaribu kuimalizia riwaya hii walifanya kosa hilohilo, wakaijaza werevu wa kipelelezi ambao mwandishi huenda hakuukusudia.

Waliojaribu ni wengi na walianza mapema. Mwaka 1873 mpiga chapa mmoja wa Vermont, Marekani, Thomas James, alitoa kitabu kizima akidai roho ya Dickens ndiyo iliyoushika mkono wake. Januari 1914 wapenzi wa Dickens walifanya kesi ya maigizo mjini London kumhukumu Jasper, G. K. Chesterton akiwa jaji na George Bernard Shaw kiongozi wa baraza la wazee wa mahakama. Baraza hilo likaamua kwamba ni kuua bila kukusudia, na Chesterton akawatia hatiani waliohudhuria wote kwa kuidharau mahakama. Sinema ya Hollywood ya mwaka 1935, Claude Rains akiwa Jasper, ilishika njia ya Forster kwa sehemu kubwa, ikamfanya Neville kuwa ndiye Datchery, na ikamaliza kwa Jasper kujirusha kutoka juu ya kanisa. Mwaka 1985 Rupert Holmes aliileta New York kama mchezo wa muziki na akakataa kabisa kuamua: kila usiku watazamaji walipiga kura kumchagua muuaji na Datchery, na waigizaji wakaimba mwisho uliochaguliwa. Mchezo huo ulipata tuzo ya Tony ya mchezo bora wa muziki mwaka 1986. Ni ufumbuzi wa haki kwa jukwaa, ambapo watu wapo mbele ya waigizaji. Kamera haina uwezo huo.

Hapo ndipo inapoingia tamthilia ya BBC ya mwaka 2012, ambayo ndiyo jaribio zito zaidi la runinga hadi sasa. Iliandikwa na Gwyneth Hughes, ikaongozwa na Diarmuid Lawrence, na ikaonyeshwa kwa sehemu mbili za saa moja moja tarehe 10 na 11 Januari, mwezi mmoja kabla ya miaka 200 ya kuzaliwa kwa Dickens. Picha zilipigwa Rochester kwenyewe, kwa hiyo kanisa linaloonekana ni lilelile lililokuwa kichwani mwa mwandishi. Matthew Rhys aliigiza Jasper, Freddie Fox akawa Edwin, Tamzin Merchant akawa Rosa, Alun Armstrong akawa Grewgious, na pacha wa Ceylon wakaigizwa na Sacha Dhawan na Amber Rose Revah.

Saa mbili ni chache kwa riwaya ya Dickens, hata iliyokatika katikati. Wahusika wa kuchekesha, kama meya Sapsea anayejiona askofu, wamepunguzwa hadi kubaki vivuli. Kilichoongezwa nguvu ni Jasper. Mwandishi wa kitabu humzunguka Jasper kwa nje na kwa nadra sana humruhusu msomaji aingie kichwani mwake. Runinga inaingia moja kwa moja. Tangu mwanzo mtazamaji anaona ndoto za afyuni, anaona mikono ikikaza skafu, na hajui kama anachotazama kimetokea, kitatokea au kinatamaniwa tu. Huu ndio uamuzi bora wa tamthilia nzima. Kitabu kina dokezo kwamba Jasper alilifanya tendo lake mara elfu katika ndoto kabla ya kulifanya kweli, na kwamba lilipofanyika lilikwisha upesi hata likaonekana halikustahili. Hughes ameligeuza dokezo hilo kuwa mhimili: mtu aliyeua mara nyingi ndotoni anawezaje kujua lini aliua kweli?

Kutokana na swali hilo anapata jibu lake. Katika tamthilia hii Jasper ameua, ila hakumuua Edwin. Aliyekufa ni baba yake Edwin, aliyedhaniwa amefariki zamani, na Edwin mwenyewe alikuwa amekwenda zake Misri na anarudi akiwa mzima. Zaidi ya hayo, mzee Drood anageuka kuwa ndiye mzazi wa wengi: Jasper ni mwanawe wa nje, aliyelelewa kama shemeji, na pacha wa Ceylon nao ni damu yake. Jasper, akiisha kutambua kwamba aliyemnyonga kwa wivu ni baba aliyemkana, anajirusha ndani ya kanisa na kufa.

Ufumbuzi huu umelaumiwa, na lawama nyingine ni za kweli. Mtu aliyezikwa anafufuka kwa ajili ya kuuawa, na familia moja inajikuta imekusanyika katika mji mdogo bila wanafamilia kujuana. Ni sadfa nyingi kwa saa moja. Simulizi ya Forster kuhusu selo, ambayo ndiyo ilikuwa kiini cha wazo la Dickens, haipati nafasi kabisa, maana muuaji anakufa kabla ya kufungwa. Ni hasara kubwa. Muuaji anayejisimulia kama mtu baki ni wazo lililowatangulia wenzake kwa miaka mingi, na runinga, yenye uso wa mwigizaji karibu na sauti yake ikisikika juu ya picha, ingeweza kulibeba vizuri kuliko jukwaa. Kuchagua kuanguka badala ya kukiri ni kuchagua kishindo. Sinema ya 1935 ilifanya vivyo hivyo, na si kwa bahati tu: kanisa refu likishaonekana kwenye picha ya kwanza, mtazamaji anaanza kungoja mtu aanguke. Tena riwaya yenyewe inawapa kisingizio, kwa kuwa Jasper anapanda mnara usiku pamoja na mwashi wa makaburi Durdles, na ndotoni husafiri njia ya hatari juu ya mashimo yasiyo na mwisho.

Hata hivyo, ukitazama kwa makini, jibu la Hughes limetoka ndani ya kitabu. Dhuluma ya kwanza katika riwaya hii si ya Jasper. Ni ya akina baba wawili walioandika wosia na kuwafunga watoto wao maisha, kisha wakafa. Edwin na Rosa wanateseka kwa sababu ya mkono wa maiti. Kumleta baba jukwaani na kumfanya shina la mabaya yote ni kuitoa nje hoja ambayo Dickens aliiacha imejificha. Na kuwafanya Neville na Helena watoto aliowaacha Ceylon ni kuijibu Uingereza ya 1870 kwa maswali yake yenyewe. Edwin wa kitabuni anazungumza kuhusu Misri kana kwamba ni uwanja wake wa kuchezea. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa Novemba 1869, na vijana wa aina yake walikuwa wakielekea mashariki kwa matumaini makubwa na adabu ndogo. Anamdharau Neville kwa rangi yake waziwazi. Tamthilia inamwonyesha kwamba aliyemdharau ni ndugu yake. Watu wa pwani zetu, ambako meli zilizopita Suez zilikuja kutia nanga, hawahitaji kuelezwa maana ya mtoto aliyeachwa na baba wa kutoka Ulaya. Kwa hukumu ya haki, mwisho huu ni dhaifu kama kisa cha upelelezi na una nguvu kama usomaji wa kitabu.

Jambo jingine ambalo Hughes amelitatua kwa akili ni mgogoro wa zamani kati ya wanaosema Edwin amekufa na wanaosema yu hai. Kila upande umepata haki yake: kijana wa kwenye jalada kweli amesimama wima, na skafu kweli imeua. Waliosoma ushahidi wa Fildes hawakukosea, wala waliolitazama jalada. Hakuna mmaliziaji mwingine maarufu aliyefanikiwa kuvishika vipande vyote viwili pamoja.

Tofauti kati ya kuigiza kitabu kilichokatika na kitabu kilichokamilika inaonekana vizuri zaidi ukiiweka Drood kando ya vitabu vya kwetu. Anayetoka Bunda akashika barabara ya Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi anaingia Ukerewe, kisiwa cha Aniceti Kitereza. Kitereza alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupatikana mchapishaji wa lugha hiyo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa miaka zaidi ya 30 baadaye. Alifariki mwaka 1981 bila kuishika mkononi. Misiba hii miwili inapingana. Dickens alikuwa na wasomaji wapatao 50,000 waliongoja kijitabu kijacho, asiwe na mwisho wa kuwapa. Kitereza alikuwa na mwisho, na hakuwa na msomaji. Atakayetaka kumpeleka Kitereza kwenye runinga kazi yake itakuwa kupunguza: kitabu ni kirefu, kimejaa kilimo, uvuvi, tiba na taratibu za ndoa, na kila kinachokatwa kina mwenyewe anayejulikana. Hatakuwa na ruhusa ya kubuni kwamba Bugonoka hakumrudia mumewe.

Kupunguza huko ndiko alikofanya Amil Shivji alipoitengeneza filamu ya Vuta N'kuvute mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Aliwashikilia Yasmin na Denge katika Zanzibar ya miaka ya 1950 na kuacha mengi pembeni, na mtu aliyesoma kitabu anaweza kukaa akahesabu alichokipunguza. Kwa Drood hesabu hiyo haipo. Hakuna wa kumwambia Hughes kwamba amepotoka, kwa kuwa mwenye kusema hivyo angelazimika kuonyesha njia yenyewe.

Swali la watazamaji nalo ni la kupimwa, maana tamthilia hutengenezwa kwa ajili ya watu wanaoketi na kutazama. Afrika Mashariki imezoea hadithi za mfululizo tangu enzi ya redio. Twende na Wakati ya Radio Tanzania, iliyoanza 1993, iliwafanya watu wakusanyike kusikiliza yatakayompata Mkwaju na tabia zake, na magazeti ya hadithi yamekuwa yakimwacha msomaji kwenye tone la mwisho na neno moja tu, itaendelea. Runinga ilipoenea Bara baada ya 1994 mazoea hayo yalihamia humo. Tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na TBC mwaka 2011, ilithibitisha kwamba visa vya ugenini vinapokelewa vizuri vikisemwa kwa Kiswahili cha nyumbani. Mjomba anayemtamani mchumba wa mpwa wake, wazazi waliowaposea watoto, mgeni anayesingiziwa kwa sababu ya rangi yake, mwalimu wa kwaya mwenye maisha mawili: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji maelezo kwa mtazamaji wa Bunda au Musoma. Mkoa wa Mara pia si mgeni wa kuwaleta Waingereza kwenye Kiswahili. Julius Nyerere wa Butiama ndiye aliyemtafsiri Shakespeare, na tafsiri zake zimesomwa na wanafunzi wa vizazi kadhaa.

Kinachohitaji kuamuliwa ni mwisho. Katika kutegana vitendawili kuna makubaliano yanayojulikana na kila mtoto: aliyeshindwa hutoa mji, aseme Musoma au Mwanza, mtegaji akishaukubali anawiwa jibu. Mtazamaji aliyetoa saa zake mbili ametoa mji. Tamthilia inayokomea pale Dickens alipokomea, kwenye mstari wa chaki wa Datchery, ingekuwa ya kweli kwa mswada na ya dhuluma kwa mtazamaji. BBC iliuelewa wajibu huo, na ndiyo maana haikuthubutu kuacha pengo.

Hata hivyo kuna njia ya tatu ambayo tamthilia za Uingereza hazijaijaribu, na ambayo vibanda umiza vya mijini kwetu vimekuwa vikiitumia kwa namna yao. Katika vibanda hivyo filamu ya kigeni huonyeshwa ikiwa na sauti ya msimulizi anayetafsiri, anayeeleza, anayewapa wahusika majina mapya na kuwakosoa. Aliyevuma zaidi Tanzania kwa kazi hiyo alijulikana kwa jina la Lufufu. Msimulizi wa namna hiyo hajifichi. Mtazamaji anajua wakati wowote ni nani anayesema, picha au mtu aliye pembeni yake. Drood iliyotengenezwa hivyo ingeweza kumfikisha mtazamaji hadi kwenye mstari wa chaki, imwambie wazi kwamba mwandishi alifariki hapa, kisha isimulie skafu ya Fildes, pete ya Forster na kijana wa kwenye jalada, kila ushahidi na picha zake, kabla ya mtengenezaji kutoa mwisho wake kwa jina lake mwenyewe. Tamthilia ya Hughes inashona kipande chake kwenye kile cha Dickens bila kuacha mshono, na anayeitazama bila kusoma kitabu hawezi kujua ni wapi mmoja aliishia na mwingine akaanzia.

Mshono huo upo na unaweza kuonyeshwa. Mswada wa Dickens umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London, miongoni mwa karatasi ambazo Forster aliziacha. Pamoja nao zimo karatasi alizopangia sura za kila kijitabu. Kwa vijitabu vya mwanzo amejiandikia majina, maswali na majibu ya ndiyo au hapana. Kwa vile vya baadaye hakuna alichoandika.